Pajama ya usiku wa joto: kitambaa gani, mita ngapi, na kwa nini msamba unachanika

Swali: Shikamoo fundi. Naishi Igogo, Mwanza, chumba cha bati juu ya mawe. Nilijishonea pajama ya kitenge kwa cherehani ya mkono aliyoniachia bibi. Muuzaji aliniapia ni pamba tupu, lakini usiku naamka nimelowa jasho, na wiki ya pili tu nilipochuchumaa ikachanika msamba hadi karibu na kiuno. Jirani ananiambia nishone ya hariri, eti ndiyo ya baridi. Pateni sina. Kiuno changu ni inchi 34, hipsi 42. Ninunue kitambaa gani, mita ngapi, na nikateje?

Marahaba, mdogo wangu. Hapo kwenye kuchuchumaa nimecheka, unisamehe, maana suruali za namna hiyo nimezipokea hapa kibandani Kirumba miaka zaidi ya ishirini na zote zimechanika njia ileile. Kitenge chako hakina kosa la kuchanika. Ulikata suruali ya kusimama, ukaenda kulala nayo. Na jasho pia nusu yake ni ya kitambaa, nusu ni ya mkato huohuo, kwa hiyo hata ukibadilisha kitambaa ukakata vilevile, utaniandikia tena mwezi ujao.

Tuanze na hariri ya jirani ili tuimalize. Kinachoitwa hariri kwenye meza nyingi za mjini ni satini ya poliesta. Ukiigusa ni ya baridi kweli, kama sahani. Lala nayo dakika kumi uone: ubaridi umekwisha na jasho halina pa kwenda. Pamba katika hewa ya kawaida hubeba unyevu wa karibu asilimia 8 ya uzito wake bila wewe kuhisi kwamba imelowa. Poliesta haifiki hata asilimia 1. Jasho linabaki mgongoni, nguo inakugandia, unaamka. Igogo naijua. Mawe yale yanaota jua kutwa nzima, na usiku yanalirudisha joto polepole kama mkaa uliofunikwa jivu. Upepo wa ziwani ni wa mchana. Usiku hugeuka ukatoka nchi kavu kwenda ziwani, tena ni mdogo. Satini kwenye chumba hicho ni adhabu.

Sasa kitenge. Huenda muuzaji hakukudanganya. Kitenge cha pamba tupu kipo, ila kimefumwa kwa kubana ili rangi ikae na nguo isimame vizuri kwenye mwili, na kikiwa kipya kimejaa wanga na dawa za kiwandani. Uzuri wa kitenge kwenye gauni ndio ubaya wake kitandani. Pajama ya joto inataka kitambaa chepesi kilichofumwa kwa kuachiana, hewa ipite. Poplini nyembamba ni nzuri. Bafta ni nzuri zaidi. Melimeli ukiipata ndiyo mfalme, ingawa inaonyesha, kwa hiyo chagua yenye maua au rangi iliyokolea. Kuna pia kile chenye mistari iliyojikunja kama maji yanayotetemeka. Kinagusa ngozi hapa na pale tu na hakihitaji pasi. Ukikiona, nunua hata kama hukupanga.

Usimuulize muuzaji kama ni pamba, kwa sababu ukiuliza kila kitu ni pamba. Omba kakipande ka vidole viwili, toka nako nje. Chomoa nyuzi chache za mtande, zile zinazokwenda na urefu wa jora, na nyuzi chache za mshindio, zinazokatisha. Zisokote mbalimbali, uziwashie kiberiti moja baada ya nyingine. Pamba huwaka haraka, hunuka karatasi iliyoungua, na huacha jivu laini la kijivu linalopeperuka ukilipuliza. Poliesta hujikunja na kuukimbia moto, huyeyuka, na ikipoa huacha kidonge kigumu kama kichwa cha pini. Ukipata jivu lenye chembe ngumu ndani, huo ni mchanganyiko, tetroni. Nasisitiza nyuzi za pande zote mbili kwa sababu nimewahi kuuziwa jora lililokuwa na mtande wa pamba na mshindio wa poliesta, nikachoma upande mmoja tu, nikajipongeza, nikalipa.

Ukishajua ni pamba, bado hujajua uzito wake. Muuzaji hatakuambia gramu, lakini mangi wa duka la karibu ana mizani. Mita moja ya kitambaa chenye upana wa inchi 45 ikipimwa gramu 130 au chini, hiyo inalalika. Ikifika 170 ni ya kushonea nguo za mchana. Ukiona aibu kupima, kiinue dhidi ya mwanga wa mlango: uone kivuli cha vidole vyako upande wa pili, vidole vyenyewe usivione.

Kabla hujaenda kununua kitambaa Makoroboi lakini, fungua sanduku. Khanga iliyofuliwa miaka mitatu minne ni laini kuliko chochote utakachokunjuliwa dukani. Wanga wote umekwisha, imesinyaa mpaka basi, na rangi yote ya kutoka imeshatoka. Doti moja, kila upande ukiwa na kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, inatosha blauzi na kaptula. Iangalie kwanza kwenye mwanga. Pakiwa na sehemu zilizokonda kama wavu, zisiangukie makalioni. Na jina la khanga lipangie mahali. Ukikata bila kufikiri litasimama wima kwenye paja, au mbaya zaidi litakaa pale unapokalia, watu wasome. Mimi nalikata nikalishonea mfuko. Chaguo jingine ni shuka za pamba za mitumba pale Mlango Mmoja: pana, zimeshafuliwa mara mia, ila nazo zichome kiberiti kwanza maana nyingi ni mchanganyiko.

Inaniuma kidogo kuandika haya tukiwa Kanda ya Ziwa. Ukitoka hapa kwenda Shinyanga unakipita kituo cha utafiti cha Ukiriguru, ambako mbegu zetu za pamba zimezalishwa, na zile herufi UK kwenye majina ya mbegu ni za Ukiriguru, si za Uingereza kama wengi wanavyodhani. Kwimba, Magu, Bariadi, kote huko ni pamba. Na bado mjini tunahangaika kuutafuta uzi wa pamba tupu kwa kiberiti. Tuendelee.

Kitambaa kipya usikikate kabla ya kukifua. Kiloweke usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni, fua, suuza, anika, piga pasi, kisha rudia mara ya pili. Mwaka wangu wa kwanza kibandani nilipewa kazi ya pajama sita za watoto wa bweni. Haraka haraka, sikulowesha. Baada ya kufuliwa mara ya kwanza suruali zilirudi zimeishia katikati ya muundi, na watoto walikuwa hawajarefuka hata kidogo. Nililipa kitambaa chote upya. Mita nne zikisinyaa asilimia 5 tu umepoteza sentimita 20, na urefu wa jora ndio unaosinyaa zaidi, yaani hasa ule unaokaa kwenye miguu yako.

Mita ngapi? Kwa vipimo vyako na kitambaa cha inchi 45, nunua mita 4 kwa suruali ndefu na blauzi, au mita 3 kwa kaptula na blauzi. Nakushauri ndefu. Utaniambia ni joto. Suruali ndefu pana ya poplini haina joto kuliko kaptula inayobana, na mbu wa huku ziwani anatoboa kitambaa kilichogandia mwili, ila kinachoning'inia mbali na ngozi kinampa shida. Chandarua kibaki palepale.

Sasa mkato, na hapa nitakaa muda. Kila mguu tutaukata kipande kimoja, bila mshono wa ubavuni. Mishono inapungua, na ukilala ubavu hakuna kinachokuchoma.

Gundisha magazeti upate karatasi kubwa. Kaa kwenye kiti kigumu, funga kamba kiunoni, mtu akupimie kwa futi kamba pembeni kutoka kwenye kamba hadi kwenye kiti. Tuseme imekuja inchi 11. Ongeza moja na nusu: 12 na nusu. Hicho ndicho kina cha makalio, na nina hakika wewe uliishia 10 au 11 kwa kuiga suruali ya dukani. Hipsi zako 42, ongeza 7 za kujigeuzia usingizini, zinakuwa 49. Kila mguu unachukua nusu, 24 na nusu. Usiogope, itaonekana kubwa mezani. Pajama ikionekana sawa mezani, mwilini ni ndogo.

Chora mstatili wenye upana huo wa inchi 24 na nusu, na urefu wako kutoka kiunoni hadi kifundoni. Ugawe kwa mstari wa wima: 12 upande wa mbele, 12 na nusu upande wa nyuma. Shuka inchi 12 na nusu kutoka juu, piga mstari wa kukatisha. Kwenye mstari huo toka nje ya mstatili inchi 2 na nusu upande wa mbele, na inchi 5 upande wa nyuma. Soma tena hapo: nyuma ni mara mbili ya mbele. Makalio yapo nyuma. Aliyekata nyuma sawa na mbele ndiye anayechanika akichuchumaa, kwa sababu kitambaa kinatafuta pa kupata nafasi na hakipati isipokuwa kwa kupasua mshono.

Juu kiunoni, kona ya nyuma iingize ndani inchi moja na nusu na uipandishe inchi moja na nusu. Ya mbele iingize nusu inchi tu. Mstari wa kiuno utapanda kuelekea nyuma, utaona kama umekosea. Hujakosea. Ukiinama, mgongo unahitaji kitambaa cha ziada, na ukikosa hicho, suruali inashuka nyuma, kisha unaivuta juu, kisha inakata msambani. Sasa unganisha kona za juu na ncha ulizotoa kwa mkunjo laini, kama mdomo wa kata: mbele mkunjo uanze kama inchi 3 juu ya mstari wa kukatisha, nyuma kama inchi 5. Mkunjo wa nyuma uwe umelala zaidi. Ncha ya nyuma ishushe nusu inchi, ndipo urefu wa mshono wa ndani ya mguu utalingana mbele na nyuma. Chini kifundoni upana uwe inchi 20, karibu nusu kila upande wa mstari wa wima. Mwisho zungushia nusu inchi ya mshono, inchi moja na nusu ya upindo chini, na nyingine kama hiyo ya njia ya kamba juu.

Kipande kitafika upana wa inchi 33 hivi, kwa hiyo hakitaingia kwenye kitambaa cha 45 kilichokunjwa kwa upana. Kikunje kwa urefu, kichwa kiende mkiani, sura (upande mzuri wa kitambaa) ndani, ukate miguu yote miwili kwa mara moja. Itakuja kulia na kushoto yenyewe. Kama picha zina juu na chini, mguu mmoja utakuwa umepinduka. Niliwahi kumshonea mteja pajama ya samaki ambapo mguu wa kulia sato wote walikuwa wanaelea tumbo juu, kama wamekufa. Picha zikiwa hivyo, kata mguu mmoja mmoja, na wa pili uigeuze karatasi upande wa nyuma, isije ikawa miguu miwili ya kulia.

Kushona sasa. Weka sindano namba 11 mpya. Ile ya 14 inayokaa kwenye cherehani miaka yote itaacha matundu. Uzi wa kawaida wa 40/2 unatosha, na hatua ya mshono iwe mishono 10 hadi 12 kwa inchi. Kitambaa chepesi hupenda kumezwa kwenye tundu la bamba pale mwanzo wa mshono. Anzia juu ya kipande kidogo cha karatasi ya gazeti, shika nyuzi zote mbili kwa nyuma mizunguko mitatu ya kwanza, kisha achia. Cherehani ya mkono ni nzuri kwa kazi hii kuliko unavyofikiri, haikimbii.

Funga kwanza mshono wa ndani wa kila mguu peke yake. Ushone mara mbili: mara ya kwanza sura zikiwa nje, karibu na ukingo, robo inchi bila kidogo, punguza nyuzi zilizotoka, geuza, piga pasi, shona tena robo inchi sura zikiwa ndani. Ncha mbichi zote zinafungwa humo, hakuna cha kukukwaruza, na hutahitaji overloki. Sasa una mifereji miwili. Mmoja ugeuze sura nje, mwingine uache sura ndani. Ule wenye sura nje uingize ndani ya mwenzake, kama mkono unavyoingia kwenye glavu, hadi mishono ya ndani ya miguu ikutane msambani. Sura zitakuwa zinatazamana. Bana mahali hapo kwa pini kwanza, kisha panda kuelekea mbele na nyuma. Shona kuanzia kiuno cha mbele, shuka, zunguka, panda hadi kiuno cha nyuma kwa safari moja, usikate njiani. Wengi hushona mbele, wakashona nyuma, wakakutanisha vipande vinne katikati. Pale katikati ndipo panapoachia.

Rudia mshono wa pili juu ya ule wa kwanza, pembeni kwa upana wa uzi, kwenye mkunjo wote. Unapopita chini kabisa kivute kitambaa kidogo kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukizungusha cherehani, kwa sababu hapo kitambaa kimekatwa mshazari na kinanyumbuka. Mshono usionyumbuka nacho utakatika. Punguza ukingo ubaki robo inchi kwenye mkunjo tu, uukunje na kuulaza. Vuta suruali nje, uitikise.

Kiunoni usiweke lastiki nzima. Lastiki inayozunguka mwili wote ndiyo mahali jasho linapokusanyika, na asubuhi una alama kama umefungwa kamba ya ng'ombe. Mimi naweka lastiki ya inchi 10 nyuma tu, ncha zake naziunga na mikanda miwili ya kitambaa hichohicho inayotokea mbele kwenye vitundu na kufungwa. Neno pajama lenyewe lilitoka Uajemi likapitia India, maana yake vazi la mguuni, na tangu huko ilikuwa suruali ya kufungwa kwa kamba.

Blauzi haina kazi kubwa. Kipande kimoja chenye upana wa inchi 36 na urefu wa 60, kikunje katikati begani, kata shingo, kisha kutoka kila upande ondoa kitambaa chini ya kwapa ubaki na mwili wa inchi 24 na mikono mifupi iliyotoka moja kwa moja. Kwapa likate inchi 10 kushuka kutoka begani, mkunjo usiwe kona. Shona mbavu kwa mshono uleule wa mara mbili, acha mpasuo wa inchi 4 chini kila upande. Usiweke kola, gamu (kile kitambaa kigumu cha ndani) wala vifungo; shingo ikatie upapi wa mshazari basi. Mfuko mmoja, kifuani au pajani, wa leso.

Na ile ya kitenge usiitupe. Shona upya palipochanika, kisha fumua msamba inchi 2 kila upande wa pale mishono minne inapokutana. Kata kiraka cha pembe nne cha inchi 5 kwa 5, ukitumia mabaki ya kitambaa kipya chepesi, kitege mshazari ili kona moja iangalie mbele, moja nyuma, na mbili zishuke kwenye miguu. Shona upande mmoja mmoja, kila ukifika kona simamisha sindano ikiwa chini, inua mguu wa cherehani, geuza, endelea. Kisha ikate juu ya magoti. Ukiivaa, chuchumaa mara tatu kabla hujatoka nayo kwenda dukani.